Tumbo si Shahidi wa Pekee

Katikati ya mwezi wa Ramadhani, miaka michache iliyopita, tulifuturu nyumbani kwa shangazi yangu, na juu ya mkeka uliotandikwa barazani palikuwa na uji wa mtama, tambi, mahamri, sambusa, muhogo wa nazi na sahani ya bajia za dengu. Mke wa mdogo wangu aliziacha tambi, akayaacha mahamri, akazipisha sambusa zikaenda kwa wengine, akala muhogo na bajia tatu. Alikuwa amekwisha kuuliza jikoni kama bajia zina unga wa ngano, akajibiwa kwamba bajia tangu enzi ni dengu, vitunguu na bizari. Usiku ule alilala salama. Tumbo halikumuuma, hakutapika wala hakuharisha. Jioni ya siku ya pili viwiko vyake vyote viwili vilianza kuwasha kana kwamba vimepakwa upupu, na kufika siku ya tatu vilikuwa vimejaa malengelenge madogo yaliyosongamana, na mengine mfano wa hayo yametoka magotini na nyuma chini ya kiuno, naye akijikuna usingizini mpaka shuka ikaingia madoa ya damu.

Nilikwenda kumjulia hali. "Shemeji," aliniambia huku amekunja mikono ndani ya kanga, "tumbo langu zima, lakini ngano nimekula." Nakiri mbele ya wasomaji kwamba sikumsadiki. Niliona kuwa mtu aliyedhurika kwa chakula hana budi kuumwa na tumbo, na kwamba kiwiko na bajia ni vitu viwili visivyojuana. Siku chache baadaye shangazi, alipoulizwa tena kwa upole, alisema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii: "Mwanangu, ni kijiko kimoja tu cha unga wa ngano, ili bajia zishikane."

Maradhi ya shemeji yangu ni tawi la ugonjwa uitwao siliaki, na jina hilo lenyewe limechangia kuwapoteza wengi, kwa kuwa asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya tumbo, na aliyesikia jina akadhani amekwisha kuujua ugonjwa. Chanzo chake ni gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, katika shayiri na katika nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai. Ndiyo inayolifanya donge la chapati livutike bila ya kukatika, na ndiyo inayoushika mkate usimomonyoke. Kwa watu wengi gluteni ni chakula kama chakula kingine. Lakini kwa takriban mtu 1 katika kila watu 100 duniani, ambaye amerithi kwa wazazi wake jeni fulani, kinga ya mwili huiona gluteni kuwa ni adui, na katika kumpiga adui huyo hupiga na mwenye nyumba. Ukuta wa utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima wa afya umesimamisha vinyweleo kama vya zulia jipya, huliwa ukabaki mtupu kama busati lililochakaa, na chakula hupita juu yake bila ya mwili kupata haki yake.

Mpaka hapo habari ni ya tumbo, na wengi wasomapo huishia hapo. Ajabu ya ugonjwa huu ni kuwa kinga hiyo, ikiisha kughadhibika, haishambulii gluteni peke yake, bali hushambulia pia kimeng'enya cha mwili wenyewe kiitwacho transglutaminasi, na kimeng'enya hicho hakiko peke yake ulimwenguni: kina ndugu zake wanaofanana naye sana, ambao mmoja makao yake ni ngozini na mwingine ni katika ubongo. Askari aliyetumwa kumkamata mtu mmoja akawakamata na ndugu zake kwa kufanana sura, ndiyo hali ilivyo. Kwa hiyo kipande kilekile cha mkate humharisha huyu, humtoa malengelenge yule, na mwingine humyumbisha miguu, na hakuna hata mmoja kati yao anayesema uongo.

Mambo ya ngozi yalijulikana mapema kuliko sababu yake. Mwaka 1884, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, tabibu wa ngozi Louis Duhring aliueleza kwa ufasaha upele huu wa malengelenge yaliyosongamana, unaowasha kupita kiasi, unaopenda viwiko, magoti na makalio, na unaotoka pande zote mbili za mwili kwa mizani moja. Aliupa jina, akaueneza kwa madaktari wenziwe, na jina lake likabaki nao. Lakini ilipita miaka 82, hadi mwaka 1966, ndipo madaktari wa Uingereza walipochungua matumbo ya wenye upele huo wakakuta yameharibika sawasawa na matumbo ya wagonjwa wa siliaki, ilhali wengi wa wagonjwa hao hawakuwa na malalamiko yoyote ya tumbo. Hebu tuitafakari miaka hiyo 82. Watu waliozaliwa, wakajikuna ujana wao wote, wakazeeka na kuzikwa, mkate ukiwa mezani pao kila asubuhi, na hakuna aliyewauliza wamekula nini.

Shemeji yangu naye alikuwa na miaka yake ya namna hiyo, ingawa haikufika kiasi hicho. Alitibiwa upele wa kuambukiza mara tatu, akapakwa dawa nyeupe mwili mzima kutoka shingo hadi nyayo, mashuka ya nyumba nzima yakachemshwa, na jirani mmoja akaacha kumpa mkono. Wako walionong'ona habari ya kijicho. Aliyemwokoa ni daktari wa ngozi ambaye, badala ya kukata kipande cha lengelenge lenyewe, alikata kipande kidogo cha ngozi nzima iliyo pembeni yake, akakipeleka kuangaliwa kwa darubini ya namna ya pekee, na humo vikaonekana vingamwili vimejipanga chini ya ngozi kama chembe za chumvi. Alipewa dapsoni, dawa ileile ambayo wazee wetu waliijua kwa kutibu ukoma, na katika siku chache muwasho ulitulia. Daktari hakumficha kwamba dawa hiyo huituliza ngozi tu na haiponyi utumbo. Dawa ya utumbo ni kuiacha ngano, maisha yote.

Nitaeleza sasa jinsi ngano ilivyopata kujulikana kuwa ndiyo mwenye kosa, kwa sababu ndani ya habari hiyo mna mafunzo yanayotuhusu. Huko The Hague, katika nchi ya Uholanzi, alikuwako tabibu wa watoto aitwaye Willem Karel Dicke. Inasimuliwa kwamba kabla ya Vita Kuu ya Pili mama mmoja kijana alimwendea akamwambia kuwa mwanawe mgonjwa, kila anapomnyima mkate, upele wake hupungua upesi. Fikiri jinsi ilivyokuwa rahisi kwa daktari mkubwa wa hospitali kulitupa neno lile: mwanamke hana elimu ya tiba, maradhi ni ya tumbo, naye anazungumza habari ya upele. Dicke hakulitupa. Alilishika, akaanza kuwapa wagonjwa wake chakula kisicho na ngano. Kisha ikaja ile baridi ya mwaka 1944 na 1945, ambayo Waholanzi huiita Baridi ya Njaa, mkate ukaadimika, watu wakala hata mizizi ya maua. Na Dicke akaona kwamba mkate ulipokosekana watoto wale walikuwa nafuu, na uliporudi walirudi katika unyonge wao. Mwaka 1950 alitoa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht, na tangu hapo hoja ya ngano haikuwa tena neno la mama mmoja.

Nani asingeweza kumdharau mama yule? Sisi tunawadharau wenziwe kila siku.

Tukitoka ngozini tukapanda ubongoni, mambo huzidi kuwa ya ajabu. Katika mji wa Sheffield huko Uingereza, daktari wa mishipa ya fahamu Marios Hadjivassiliou na wenzake walitoa habari mwaka 1996 ya wagonjwa waliopoteza mizani ya mwili, wanaotembea wametanua miguu kama mtu aliye juu ya sitaha ya jahazi, ambao sababu ya ugonjwa wao haikuwa imejulikana, na ambao damu yao ilikutwa na dalili za vita dhidi ya gluteni. Kilichodhurika kwao ni ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayopima mwendo. Wengi wao hawakuwa na habari yoyote ya tumbo. Hili halitokei kwa kijiko kimoja cha unga. Huja kwa miaka mingi ya kula bila ya kujua, na likichelewa kugunduliwa huacha kilema kisichorudi.

Kwa mtu aliyekwisha kuiacha ngano kisha ikampitia kwa bahati mbaya, mambo huwa ya haraka zaidi. Wapo wanaotapika kwa nguvu saa moja au mbili baada ya mlo, hata wenye kuona wakadhani wamekula sumu. Wapo wanaopatwa na vidonda vya mdomo, kichwa kuuma, viungo kulegea, ganzi ya vidole. Na wapo wanaosema kwamba akili yao hugubikwa na ukungu, mtu akaisoma sentensi moja mara nne asiipate maana yake, akausahau mlango wa ofisi anayoingia kila siku. Zamani maneno haya yaliandikwa katika vitabu vya daktari kama malalamiko ya mtu mwenye hofu. Mwaka 2019 watafiti, wengi wao wa Australia, walieleza kwamba mgonjwa wa siliaki akila gluteni, chembe moja ya mawasiliano ya kinga iitwayo interlukini ya pili hupanda katika damu yake kwa muda wa saa chache, na kadiri inavyozidi kupanda ndivyo anavyozidi kuchafukwa na kutapika. Yaani ushahidi ulikuwa ndani ya damu muda wote. Uliokosekana ni mtu wa kuutafuta kwa saa yake.

Kuna na hali nyingine, isiyokuwa siliaki bali ni mzio wa ngano, ambayo lau nisingekuwa na hakika nayo nisingethubutu kuiandika. Mtu hula chapati akapumzika, lisimpate jambo. Siku nyingine hukimbia mbio zake hajala ngano, lisimpate jambo. Lakini akila chapati kisha akakimbia katika saa chache zinazofuata, mwili huvimba, pumzi humbana, na huweza kuanguka akazimia, na asipopata tiba ya haraka akafa. Mkosaji ni sehemu moja ya gluteni, na mwendo wa mwili ndio unaomfungulia mlango. Mwalimu wa michezo aliyemwona kijana ameanguka uwanjani atalaumu jua, au njaa, au moyo. Ni nani atakayeuliza habari ya chapati ya asubuhi?

Sasa insafu yataka niseme na upande wa pili, maana katika miji mikubwa umezuka mtindo wa watu kuiacha ngano kwa kusikia tu, na gluteni kutwikwa kila uchovu na kila kujaa gesi. Katika Chuo Kikuu cha Monash huko Australia, watafiti waliwachukua watu 37 waliokuwa wakiamini kwamba gluteni inawadhuru ingawa hawana siliaki, wakawapunguzia kwanza aina fulani za wanga zinazochacha tumboni, ambazo ngano inazo na vitunguu vinazo, kisha wakawapa gluteni kwa siri bila ya wao kujua lini wanapewa na lini hawapewi. Matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 2013, ni kwamba gluteni yenyewe haikuonekana kuwadhuru. Wapo walioitumia habari hiyo kuwacheka watu hao, nami naona hawakuielewa. Maumivu ya watu wale yalikuwa ya kweli. Aliyekosewa ni mshitakiwa. Mtu akikwambia ameibiwa, nawe ukathibitisha kwamba aliyemtuhumu siye mwizi, hujathibitisha kwamba mali haikuibwa.

Kwa sababu hiyo shauri langu kwa kila anayeshuku ngano ni moja, nalo halipatani na pupa ya wengi: usiiache kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta vile vingamwili, na vingamwili huwapo maadamu gluteni inaingia. Aliyeiacha kwa miezi kadhaa akaenda kupima, huweza kuambiwa mzima na hali ni mgonjwa. Endelea kula, pima, na ikibidi ukubali kuchukuliwa kipande cha utumbo, kisha ndipo uiache kwa ilimu. Na kwa matabibu wetu nina ombi. Mwanamke aliyepewa vidonge vya chuma mwaka baada ya mwaka na damu yake isipande, au aliyeharibu mimba tena na tena bila ya sababu kuonekana, au mtoto asiyekua ambaye meno yake ya utu uzima yameota na mistari na mashimo, aulizwe habari ya ngano hata kama hajapata kulalamikia tumbo.

Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu, ambayo Mwafrika hana haja ya kuyajua. Watoto wa Wasahrawi, watu wa Sahara ya Magharibi, walipopimwa na habari yao kutolewa mwaka 1999, zaidi ya 5 katika kila 100 walikutwa na ugonjwa huu, kiwango kinachopita kile cha nchi za Ulaya; na hao ni Waafrika, ambao kwao maziwa ya ngamia, nyama na tende vilitangulia mkate wa ngano. Sisi huku pwani ngano tunaila kwa chai asubuhi, kwa maharage mchana na kwa karanga za nyama jioni, na kila mwaka tunaizidisha. Kutoutafuta ugonjwa si ithibati ya kutokuwa nao.

Na hapa narudi katika kijiko cha shangazi, maana wako watakaosema kwamba kijiko kimoja ni kitu gani. Slesi moja ya mkate ina gluteni inayofika takriban gramu 2 au kuzidi, nayo ni miligramu 2,000. Wataalamu wamekubaliana kwamba wagonjwa wengi wa siliaki huvumilia kiasi kisichozidi miligramu 10 hivi kwa siku, na majaribio yameonyesha kwamba miligramu 50 kila siku kwa miezi mitatu zatosha kuuharibu utumbo. Gawanya slesi ile vipande 200: kimoja ndicho chake cha kutwa nzima. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za vyakula haziruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni mpaka gluteni iliyomo isizidi miligramu 20 katika kilo. Hata Kanisa Katoliki, ambalo haliwezi kuiondoa ngano katika hostia, lilieleza katika waraka wa mwaka 2003 kwamba hostia yenye gluteni kidogo sana yafaa kwa wagonjwa hawa. Ikiwa altare imewafikiria, jiko la nyumbani lina udhuru gani?

Tena hatuna ufukara wa vyakula vya kuwalisha. Muhogo, ndizi, viazi vikuu, mtama, mawele, mahindi, mchele, vitumbua, mkate wa kumimina, mofa wa mtama mtupu: hakuna hata kimoja chenye gluteni kwa asili yake, na mgonjwa wa Uholanzi angelipia fedha nyingi kupata meza ambayo sisi twaidharau kuwa ni ya kimaskini. Hatari imo katika mchanganyiko usiosemwa. Imo katika mafuta yaliyokaanga maandazi kisha yakakaanga muhogo, kwa kuwa moto hauiui gluteni. Imo katika mashine ya kusaga iliyopitisha ngano kabla ya dengu. Imo katika katlesi iliyoviringishwa kwenye chenga za mkate, katika mchuzi uliotiwa sosi ya soya, katika upawa uliotoka sufuria ya bokoboko ukaingia sufuria ya wali. Mpishi hana nia mbaya. Aghalabu hufanya hivyo kwa wema, ili chakula kishikane, kikolee, kipendeze, na akiulizwa husema hakuna kitu kwa kuwa kwake yeye kijiko si kitu.

Malengelenge ya shemeji yangu yalichukua majuma matatu kukauka, na yaliacha madoa meusi ambayo bado yapo. Shangazi siku hizi huwa na sufuria yake ya mafuta mbali, iliyofungwa utepe mwekundu mkononi, wala mtu mwingine haruhusiwi kuigusa. Nawe msomaji unayepika, iwe ni kwako, iwe ni mgahawani, iwe ni katika shughuli ya watu mia tano: akija mgeni mlangoni mwa jiko akakuuliza chakula kina nini, usimwangalie tumbo lake wala usimpime kama ana sura ya mgonjwa; mtajie kila ulichotia, na kile kijiko kimoja umtajie cha kwanza.